Gari lisilojua kuwa liko mlimani

Njiro, Arusha
14 Juni

Ndugu yangu Baraka,

Habari za Mwanza? Huku baridi ya Juni imetubana, Meru hatujauona wiki nzima kwa ukungu, ila sote wazima. Mama Glory anakusalimu, na anauliza wale dagaa uliowaahidi tangu Pasaka wameishia wapi.

Siku ile simu ilipokatika ulikuwa unanicheka, eti kufunga giaboksi moja kunachukuaje wiki sita. Wewe mtu wa meli bwana, giaboksi yako ina mbele, nyuma na friii, basi. Ngoja nikusimulie ya nchi kavu.

Gari ni Land Cruiser ya watalii, zile ndefu zilizokatwa chasisi zikaongezwa, injini 1HZ. Unaijua: silinda sita, cc 4,164, haina tabo ya kuisukumia hewa wala kompyuta. Mwenye gari kachoka kununua klachi kila msimu wa tope, anataka otomatiki. Akaniletea giaboksi ya otomatiki, A750F ya gia tano, imetoka kwenye gari la kisasa zaidi. "Injinia, hii Toyota na ile Toyota, zitaelewana tu."

Vyuma vilielewana. Tulichongesha bamba la kuunganishia pale Unga Limited, nikalala chini ya gari siku mbili na saa ya kupimia mpaka giaboksi na injini zikakaa mstari mmoja, tofauti isifike hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Propela shafti ya nyuma ilirudishwa kwa mchomeleaji mara moja, maana krosi zake hazikutazamana sawasawa na gari likawa linatetemeka kama lina homa. Hayo ni ya kawaida.

Kilichonila wiki ni mazungumzo. A750F haibadilishi gia mpaka iambiwe injini inabeba mzigo kiasi gani, na 1HZ haina mdomo wa kusema. Kwa hiyo nilifunga sensa kwenye mkono wa pampu ya dizeli, isome mguu wa dereva umekandamiza kiasi gani, nyingine ya mizunguko ya injini, zote zikaingia kwenye kompyuta ndogo ya pembeni. Jedwali la gia, la kuiambia ipande au ishuke lini, nikaliandika mwenyewe. Njiro hadi Kisongo gari likateleza kama maziwa mgando. Nikajiona fundi.

Tukapakia mifuko ya mchanga badala ya wageni, tukaenda Ngorongoro. Anaendesha dereva mmoja mtu mzima, sote tunamwita Babu. Ile kupanda tu kona za juu ya Mto wa Mbu, gia ikaanza: ya tatu, ya pili, ya tatu, ya pili. Babu kimya. Baada ya Karatu akauliza, "Mwanangu, hii gia imepoteza nini inachokitafuta hivi?"

Usiku nikiwa Karatu, kompyuta magotini, ndipo nilipoliona. Jedwali langu lilidhani mguu ukifika chini, injini imetoa nguvu yote. Huko Tanga ni kweli. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300, hewa yake ina uzito wa asilimia 80 hivi tu ya ile ya pwani, na 1HZ inavuta pumzi bila msaada wa mtu. Babu kakanyaga mpaka sakafuni, sensa inatangaza mia kwa mia, giaboksi inaamini na kupandisha gia, injini inazidiwa, mwendo unaanguka, gia inarudi. Halafu inaanza tena. Nilikuwa nimelifundisha gari uongo! Nikaongeza sensa ya mgandamizo wa hewa, kitu kidogo kuliko kibiriti, na nikaachanisha mwendo wa kupandisha gia na ule wa kushusha ili zisifukuzane.

Kuteremka ndiko kulikoniaibisha. Barabara ya Seneto unashuka kama mita 600 hadi kwenye sakafu ya kreta. Babu kaweka lo, ile gia nzito ya milimani, kaweka gia ya kwanza, gari linashuka kwa kushikwa na injini, vizuri kabisa. Kumbe nilikuwa nimeandika kinga: mizunguko ikizidi 3,000, panda gia kuilinda injini. Katikati ya mteremko ikapanda. Gari likaachia. Mkono wa kushoto wa Babu uliruka kutafuta kijiti cha gia cha zamani, ukakamata hewa, ndipo mguu ukaenda kwenye breki. Hakunitukana. Alisimamisha gari, akashuka, akaweka jiwe mbele ya tairi, akakojoa. Mimi nilibaki ndani nikiufuta ule mstari wa kinga huku vidole vinatetemeka. Sisi watu wa ofisini tungekuwa tunaandika majedwali tukiwa tumekaa kiti cha abiria, nadhani tungeandika machache.

Sasa limebaki joto. Kupanda kutoka Lerai, msitu wa chini kwenye kreta, mafuta ya giaboksi yalifika digrii 118, na mimi sipendi yavuke 110. Ninyi mnapoza mafuta kwa maji ya ziwa, mimi nina upepo na vumbi tu, lakini hesabu ni ileile. Nipigie picha zile kurasa za daftari lako la vipoza mafuta unitumie kabla ya Alhamisi, tunapanda tena.

Na dagaa, tafadhali. Nyumbani sina amani.

Wako,
Eli