Barua kwa Mwanangu: Ukifika Eyam, Anza na Jiwe

Mwanangu Neema,

Umesema Jumamosi mnatoka Sheffield kwenda Eyam, kile kijiji cha Uingereza kilichojifungia wakati wa tauni ya 1665 na 1666. Wageni wengi wakifika pale hukimbilia kanisani, wakapiga picha nyumba zenye vibao, basi. Wewe anza nje ya kijiji, kwenye njia ya miguu iendayo kijiji jirani cha Stoney Middleton, utafute Jiwe la Mpaka. Limelala kwenye majani, lina matundu sita. Tia kidole tundu mojawapo usikie kingo zilivyolainika kwa mikono ya watu. Humo wanakijiji walitia sarafu ndani ya siki wakati wa tauni, na jirani aliyeleta chakula akachukua fedha akaenda zake. Waliamini siki inaua ugonjwa. Nionavyo mimi, kilichomwokoa jirani ni zile hatua alizokaa mbali, siki iliwatuliza moyo tu.

Tauni iliingia kwa nguo. Mshonaji Alexander Hadfield alipokea furushi la vitambaa kutoka London. Msaidizi wake, George Viccars, alilifungua akakuta vina unyevunyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Inasemekana viroboto waliokuwa ndani walizinduliwa na lile joto. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Baridi ilipoingia vifo vikapungua, watu wakadhani yamekwisha. Kiangazi cha 1666 yakarudi kwa kishindo.

Hapo soma kwa makini, maana vibao hupapita haraka. Kasisi William Mompesson alikuwa kijana na mgeni, na wengi hawakumpenda. Aliyependwa ni Thomas Stanley, mtangulizi wake, aliyeondolewa kwa kukataa kufuata kitabu kipya cha sala. Mompesson peke yake asingesikilizwa. Juni 1666 wawili hao waliweka tofauti zao kando wakatangaza mambo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe, ibada ihamie uwanjani kwenye bonde la Cucklett Delf watu wasimame mbali na wenzao, na mtu asivuke mpaka. Earl wa Devonshire, mwinyi aliyekaa kwenye jumba la Chatsworth, alisaidia kupeleka chakula.

Dosari ya mpango huo? Karantini ilikuja miezi tisa baada ya kifo cha kwanza. Iliwakinga majirani, lakini wa ndani walibaki na wagonjwa wao nyumba moja. Uchambuzi wa vifo hivyo uliotolewa 2016 ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu, si kwa panya. Idadi ya vifo inayotajwa ni 260. Kuhusu jumla ya wakazi, mmoja atakwambia 350, mwingine 800. Usibishane nao, hapakuwa na sensa.

Kisha panda hadi Riley, mashariki ya kijiji. Ukuta wa mawe wa mviringo umezunguka makaburi ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alimzika mume na watoto sita katika siku nane, kuanzia tarehe 3 hadi 10 Agosti 1666. Wazee husimulia kwamba alifunga taulo miguuni mwa maiti akaiburuta, asiiguse. Tarehe za vifo zina maandishi. Taulo ni simulizi, nami siikatai, kwa kuwa mama aliyebaki peke yake angebebaje?

Ya Emmott Sydall, msichana wa Eyam, na mchumba wake Rowland Torre wa kijiji jirani, wanaosemwa walikuwa wakitazamana kutoka pande mbili za bonde, ichukue kama hadithi. Emmott alikufa kweli, Aprili 1666. Hayo ya kutazamana yamepambwa sana baadaye.

Kanisani, karibu na msalaba wa kale wa mawe, ambao nguzo yake imekatika kidogo, utaona kaburi la Catherine Mompesson. Alikuwa na nafasi ya kuondoka na watoto waliopelekwa Yorkshire, akakataa kumwacha mumewe. Alifariki tarehe 25 Agosti 1666. Siku sita baadaye mumewe aliwaandikia George na Elizabeth, watoto wao wadogo, kuwaarifu kwamba mama yao hayupo tena. Kifo cha mwisho cha tauni kilikuja tarehe 1 Novemba.

Jumapili ya mwisho ya Agosti huwa na ibada ya kumbukumbu palepale Cucklett Delf. Vaa viatu vya tope. Njia ya Riley ni mlima.

Baba yako