Katuni ya mgombea na miavuli ya Alhamisi

Mhariri,

Naandika kuhusu vidoli, fulana na katuni ambazo siku hizi zimeshika nafasi ya hoja katika kampeni za uchaguzi. Nina mfano mmoja ambao haujanitoka kichwani.

Indonesia ilipopiga kura tarehe 14 Februari 2024, mgombea urais Prabowo Subianto alikuwa jenerali mstaafu wa miaka 72. Kwenye mabango mengi, lakini, jenerali hakuonekana. Palikuwa na katuni iliyotengenezwa kwa akili mnemba: mashavu manene, macho makubwa, tabasamu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Vijana walimwita "gemoy", neno lao la mtaani kwa kitu kinachopendeza mpaka mkono unawasha kukifinya. Mwenyewe akawa anacheza jukwaani, na video zake zikasambaa. Alishinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Sisemi ni katuni iliyompa ushindi. Mgombea mwenza wake, Gibran, ni mtoto wa Joko Widodo, rais aliyekuwa anaondoka madarakani bado anapendwa, na hilo lilikuwa na uzito wake. Kinachoniuma ni kile kilichofunikwa na yale mashavu. Mwaka 1998 Prabowo aliondolewa jeshini baada ya askari wa kikosi alichokuwa akikiongoza kuwateka wanaharakati waliompinga Suharto, rais wa wakati ule. Kati ya waliotekwa wakati ule, 13 hawajaonekana hadi leo. Prabowo hajawahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo, na hukana kuwa na hatia. Kwa hiyo kampeni ndiyo iliyokuwa nafasi ya kumuuliza, uso kwa uso. Tangu Januari 2007, kila Alhamisi, ndugu wa waliopotea na waliouawa husimama mbele ya ikulu mjini Jakarta, wamevaa nyeusi, wameshika miavuli myeusi. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wa 2024 walikuwa chini ya miaka 40. Wengi wao mwaka 1998 walikuwa wadogo mno kuelewa, au hawajazaliwa. Hao ndio waliotengenezewa katuni.

Siwezi kusema kila kidoli cha siasa ni kibaya. Taiwan ilikaa chini ya sheria ya kijeshi hadi 1987, na watu walikua wakijua kwamba siasa ni jambo la kuogopwa. Chen Shui-bian alipogombea urais mwaka 2000, chama chake kiliuza kofia za kufuma na vidoli vyenye sura yake, na naamini vitu vile vidogo viliwasaidia watu kuonyesha hadharani wanamuunga mkono nani. Alishinda, na utawala wa chama cha Kuomintang wa zaidi ya miaka 50 ukakoma. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo kwa ufisadi. Kidoli kilibaki kinatabasamu vilevile.

Ninachokiheshimu zaidi ni kibubu. Mwaka 2011, hukohuko Taiwan, watoto walimpelekea Tsai Ing-wen, mgombea urais wa chama kilekile cha Chen, akiba yao ndani ya vibubu vya nguruwe, na chombo cha serikali kinachosimamia michango kikaonya kwamba asiye na haki ya kupiga kura haruhusiwi kuchangia. Chama kikagawa vibubu kwa maelfu, na watu wazima wakavirudisha vimejaa sarafu. Tsai alishindwa Januari 2012. Lakini kibubu kile kilipendeza na bado kilikuwa na kazi: mwananchi wa kawaida alitoa chake, na mgombea akabaki na deni kwake. Katuni ya mashavu haimdai mgombea chochote. Inamwomba mpiga kura ampende tu.

Nakuomba, Mhariri, na ninaomba kwa dhati. Waandishi wenu wanapotuletea picha ya mgombea aliyegeuzwa kidoli, watuandikie papo hapo, kwenye ukurasa uleule, alishika wadhifa gani, alifanya nini alipoushika, na ni nani bado anamdai majibu. Msiyaweke hayo ndani, ukurasa wa 14, siku tatu baadaye. Picha ya wale wazee wenye miavuli nayo inatosha kwenye ukurasa wa mbele.

Msomaji wako