Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Barua za Kudai Tumeiga

Wanachama wenzangu, mafundi wa jua kali wa Kibuye,

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Paa lililokuwa likivuja limezibwa, na mita ya stima sasa ni yetu. Mimi nimesimama hapa kwa ajili ya barua.

Mwezi wa Machi ndugu yetu anayeunda mashine za kukatia nyasi za ng'ombe alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yote imeshika grisi. Ilidai ameiga uvumbuzi wa mtu, alipe shilingi 80,000 ndani ya siku 7 au ashtakiwe. Alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa mashine yake ya kuchomelea. Niliisoma mara tatu nikitafuta namba ya hataza, ile haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa. Haikuwemo. Jina la mwenye hataza halikuwemo, wala sehemu inayodaiwa kuigwa: ni visu, ni ekseli, au ni mdomo wa kulishia nyasi?

Tulijibu kwa kuuliza hayo matatu. Mpaka leo kimya. Iliniuma sana kwamba fundi wa miaka yote hiyo alikosa usingizi kwa karatasi tupu.

Hataza hulindwa katika nchi iliposajiliwa tu, kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, ada za kila mwaka zikilipwa. Ya Uchina pekee haina nguvu Kisumu. Hapa hutambulika zilizotolewa na KIPI, ofisi ya serikali yetu inayosajili hataza, Nairobi, au na ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, Harare, zikiitaja Kenya. Na Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inamruhusu aliyetishwa, akithibitisha hajakiuka, kwenda kwenye mahakama maalumu ya mali ya viwanda kuomba vitisho vizuiwe na alipwe hasara yake. Aliyeiga kweli, huyo aache, hatutamtetea.

Jimbo la Vermont, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2013: barua isiyotaja namba ya hataza, mwenyewe na anwani yake, wala namna bidhaa inavyokiuka, mahakama yaweza kuihesabu dalili ya nia mbaya. Kamati inapendekeza tuwaandikie wabunge wetu tukiomba kanuni kama hiyo. Tutapiga kura baada ya chai.

Kwa sasa, atakayeletewa barua asilipe, asitie sahihi, wala asiitupe. Ailete kwa katibu siku hiyo hiyo, pamoja na bahasha yake, maana muhuri wa posta una tarehe.