Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tuzo ya Taifa ipime kazi ya mwanafunzi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Yah: Tuzo ya Taifa kwa wanafunzi na wahitimu bora wa vyuo vikuu

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkutubi mstaafu. Kwa miaka 27 nimefanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa nchini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupokea ripoti za utafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nilizipiga mhuri, nikazipa namba, nikazipanga kwenye rafu. Nyingi nilizisoma, kwa kuwa jioni za maktaba ni ndefu. Ndiyo maana nathubutu kukuandikia kuhusu jambo hili moja: tuzo itakayotolewa kwa jina la Taifa kwa vijana wa vyuo vikuu ipime kazi aliyoifanya kijana. GPA, yaani wastani wa alama zake, tuviachie vyuo.

Nianze na nakala moja. Aliyeiandika alikuwa binti wa kilimo, mwaka wa tatu, niliyemfahamu kwa sababu karibu kila usiku alikuwa wa mwisho kutoka. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi waliyoyalima wenyewe, na binti huyu hakuweza kulitoa jambo hilo kichwani. Wataalamu wanashauri mahindi yasiingie ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 hivi. Sawa, lakini mama wa kijijini atajuaje? Kipima unyevu ni mashine ya fedha. Iko njia ya chumvi: unatia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka.

Njia hiyo hakuibuni yeye. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo sijaona mwingine akiliuliza katika ripoti zote nilizozishika: chupa ikiwa mikononi mwa akina mama wenyewe, bila mtaalamu kusimama pembeni, majibu yake yanakubaliana na ya mashine mara ngapi? Akaazima mashine, akaenda kijijini, akakaa huko likizo nzima akipima gunia kwa gunia. Akagundua kosa linapoanzia. Wengi walitumia chumvi iliyokwisha kunyonya mvuke wa jikoni, kwa hiyo iliganda hata kwenye mahindi makavu, na wakaanza kuidharau njia yenyewe. Akaandika namna ya kuikausha chumvi kwanza kwenye kikaango, ipoe, ndipo itumike. Ukurasa mmoja tu, na mchoro aliouchora kwa kalamu ya risasi.

Alihitimu kwa GPA ya 3.4, daraja la pili la chini. Siku ya mahafali majina ya wanafunzi bora yalisomwa, wakasimama, wakapigiwa makofi. Walistahili, sina neno nao. Yeye alikaa kwenye kiti chake mpaka waliposimamishwa wote kwa pamoja.

Miaka minne baadaye akaja maktaba afisa ugani wa kata fulani, kasafiri kwa basi tangu alfajiri, anauliza kama tuna maandishi ya kumsaidia kuwafundisha wakulima wake kupima unyevu bila mashine. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye rafu. Karatasi ya kuazimia iliyobandikwa ndani ya jalada haikuwa na tarehe hata moja. Tangu niipige mhuri, hakuna aliyeifungua. Na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, tuliketi saa nzima mimi na yeye tukiitafsiri sentensi kwa sentensi kwenye daftari lake, maana alisema akikosea yeye watakosea watu mia.

Mheshimiwa, naisimulia kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tuzo ya Taifa ilipotakiwa kufika. Aliyepata 4.4 na kuendelea ana daraja la kwanza, na daraja hilo lina malipo yake: zawadi za chuo, ufadhili wa shahada ya uzamili, nafasi ya kubaki chuoni kufundisha. Mfumo ulikwisha kumwona. Serikali ikija juu ya hapo na kumpa ngao kwa GPA ileile, inamlipa mtu mmoja mara mbili kwa kazi moja.

Tena GPA hazilinganishiki. Nimewaona wanafunzi wa uhandisi wakitoka kwenye mtihani wa hesabu nyuso zimewashuka, chumba kizima kikisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, huku kozi ya jirani ikitoa daraja la kwanza kwa makumi. Na wa udaktari je? Shahada ya udaktari wa binadamu haigawanywi kwa madaraja kabisa. Kijana anasoma miaka 5, anakwenda utarajali mwaka mzima anakesha wodini, na kwenye orodha ya daraja la kwanza hayumo kwa sababu daraja lenyewe halipo. Tuzo gani ya Taifa itakayomwacha daktari mlangoni?

Hoja hii si ngeni serikalini. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora wa kidato cha nne, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba si haki kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti. Wazazi wengi walinung'unika, mimi nilikubali. Kama hatuwapangi kwa alama wale waliofanya mtihani mmoja, siku moja, wakasahihishiwa pamoja, tutawapangaje wa vyuo vikuu, ambao kila chuo kinatunga na kusahihisha mitihani yake?

Na nchi hii ina ushahidi wake kuhusu maswali na alama. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaona maziwa aliyoyatia kwenye friza yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na alipouliza tena darasani Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuliacha swali. Akiwa hapohapo Mkwawa alilirudia mbele ya mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne alirudi maabara kwake, akalipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa tayari mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu tokeo linaloitwa kwa jina lake. Kilichomwokoa ni mtu mmoja mwenye maabara aliyelichukua swali badala ya kuangalia aliyeuliza ni nani. Tuzo ninayoiomba ingefanya kazi hiyo kila mwaka, tusitegemee bahati ya mgeni kupita.

Tunayo mifano ya karibu pia. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, inasoma mswada. Haiulizi mwandishi alipata daraja gani, na ushindi unaambatana na kuchapwa kwa kitabu. MAKISATU nayo, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019, inawaweka wabunifu mezani na vifaa vyao. Najua utaniambia kwamba MAKISATU ina nafasi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Ni kweli, na nashukuru. Lakini pale huja mwenye kifaa cha kuonyesha. Binti wangu wa chumvi hakuwa na kifaa, alikuwa na chupa ya maji ya kunywa na matokeo. Aliyechunguza kwa nini kesi za mirathi za wajane hukwama mahakama za mwanzo atabeba nini kwenye maonyesho? Aliyekusanya misamiati ya wavuvi wa Mafia je?

Sasa, lipo pingamizi la kweli, nami nalichukulia kwa uzito. GPA ni namba, haina ndugu. Ukisema tupime kazi, unafungua mlango wa upendeleo: mtoto wa fulani, mwanafunzi wa profesa fulani. Nimefikiri sana juu ya hili, na dawa ninayoiona ni uwazi. Kazi zikishachujwa, zile chache zilizobaki wakaguzi wazifuate zilikofanyika. Kama ni ya mahindi, waende ghalani. Kama ni ya wagonjwa, waende zahanati. Wawaulize waliokuwepo: huyu kijana alikuja? Alikaa siku ngapi? Mlijifunza nini kwake, na yeye alijifunza nini kwenu? Mwenyekiti wa kijiji hawezi kudanganywa kuhusu mtu aliyelala kijijini kwake wiki sita.

Halafu kijana mwenyewe aieleze kazi yake kwa Kiswahili, hadharani, mbele ya watu wanaohusika nayo, na waruhusiwe kumhoji. Hapa sitaki kulegeza hata kidogo. Tunafundisha vyuo vikuu kwa Kiingereza, na mjadala huo nauacha kwa wakati wake, lakini kazi iliyofanywa kwa watu ambao hawawezi kuisoma haijakamilika. Mwanafunzi akiweza kumweleza fundi au mkunga alichokigundua, bila kujificha nyuma ya istilahi, utajua anakielewa. Akishindwa utajua pia, na hakuna mjomba atakayemsaidia pale mbele. Maelezo hayo ya Kiswahili yachapwe, kurasa mbili tatu tu, yasambazwe wilayani. Afisa ugani yule asingepanda basi.

Kuhusu kupendekeza majina: wakuu wa vyuo wapendekeze, lakini wasiwe peke yao. Fundi sanifu wa maabara anajua nani alirudia jaribio mara ya tisa. Mkutubi anajua. Muuguzi mkuu wa wodi anajua. Turuhusiwe nasi kuandika jina. Na wakumbukwe wa Chuo Kikuu Huria, waliotawanyika mikoani tangu kilipoanzishwa kwa sheria ya 1992, walimu na askari wanaosoma usiku baada ya kazi. Hao ukingoja uwaone kwenye kampasi hutawaona.

Kwa wahitimu ningeomba subira. Waangaliwe miaka mitano baada ya kumaliza. Ndipo mtu amekwisha kupambana na usaili wa Sekretarieti ya Ajira, makato ya Bodi ya Mikopo na kuishi kwa dada yake, na kama bado ameisukuma kazi yake mbele, basi ameisukuma kweli.

Zawadi yenyewe iwe fedha ya kuendeleza kazi, itolewe kwa awamu, pamoja na mtaalamu mmoja wa kumshika mkono kwa mwaka. Ngao ni nzuri kwa mama yake kuiweka sebuleni, naye apewe. Lakini binti yule alihitaji mashine ya pili ya kupimia na nauli ya kurudi kijijini msimu uliofuata. Aliniambia hivyo mwenyewe alipokuja kukabidhi nakala, akauliza kama chuo kina utaratibu wa namna hiyo. Nilimwambia sijui, nitaulizia. Niliulizia. Hapakuwa na mtu wa kunijibu.

Mheshimiwa Waziri, ukiteua kamati ya kuandika vigezo vya tuzo hii, naomba kabla ya kikao cha kwanza waipitie nakala hiyo. Kijana aliyepokea kiti changu maktaba anaijua ilipo, nilimwonyesha siku ya mwisho kazini. Karatasi ya kuazimia sasa ina tarehe moja.

Wako mtiifu,

Mkutubi mstaafu,
Morogoro