Feni ya kompyuta yatosha kukuza hamira ya bia

Ndugu Mhariri,

Wanaotengeneza bia nyumbani hawana haja ya kununua mashine ya kukorogea hamira ya majimaji inapokuzwa kabla ya kutiwa kwenye bia. (Hamira kavu ya pakiti haihitaji kukuzwa hivi.) Feni kuukuu ya kompyuta na adapta, zote za volti 12, sumaku ya diski kuu iliyokufa na kasha la mbao vinatosha. Kinachowashinda wengi ni kuweka sumaku, halafu lawama inaiangukia hamira.

Sumaku ya diski kuu ina kaskazini na kusini kwenye uso uleule, hivyo moja inatosha. Ukitumia mbili za duara, moja itazame juu kwa kaskazini, nyingine kwa kusini. Gundisha kwanza washa (kisahani chenye tundu) nene ya chuma katikati ya feni, kisha sumaku juu yake. Bila washa, sumaku huivuruga mota. Kabla gundi haijakauka, izungushe feni kwa kidole. Sumaku ikienda upande, isogeze taratibu mpaka itulie, maana ikikaa pembeni kidogo tu, kijiti cha kukorogea (cha sumaku, kilicho ndani ya chupa juu ya kasha na kuzungushwa na sumaku ya feni) hurushwa ukutani mwa chupa na kubaki kikigonga.

Kasi ipunguzwe kwa LM317 (kidhibiti cha volti), rizista ya omu 240 na rizista ya kuzungusha (potenshomita) ya omu 2,000. Feni ikigoma kuanza polepole, ianzishe kwa kasi kisha ushushe. Uso wa maji ukibonyea kidogo, inatosha.

Chupa iwe na kitako bapa. Chemsha dakika 15, kwenye sufuria, gramu 100 za unga wa dondoo la kimea (si kimea kilichosagwa) katika maji ya kutosha lita moja, pamoja na kijiti. Chupa ya kawaida usiitie maji ya moto, itapasuka. Itakase, subiri yapoe hadi nyuzi 25, ndipo umimine na kutia hamira. Sukari tupu haifai, haina nitrojeni. Funika kwa foili iliyolegea: hamira inahitaji oksijeni ili izaane, na ukiziba kabisa unainyima.

Baada ya saa 24 hadi 36, zima, weka kwenye friji siku nzima, kisha mwaga maji ya juu. Unapomimina tope la hamira kwenye pipa la bia, shikilia sumaku nyingine nje ya kitako cha chupa, la sivyo kijiti kitatumbukia humo.

Msomaji wenu,
Moshi