Barua kuhusu maonyesho ya miradi ya wanafunzi

Msambweni, Kwale

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Uliniuliza kama inafaa shule yenu ya hapo Tanga iwaalike wananchi wajionee miradi ya wanafunzi chini ya mtaala wenu mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona juzi katika shule moja ya sekondari msingi iliyo jirani na ghuba ya Gazi.

Meza nyingi, niseme kweli, zilinichosha. Vitu vilipendeza kupita kiasi, na mtoto aliyeulizwa alivyovitengeneza alimgeukia mamake. Ndilo lalamiko lililouandama Mtaala wa Umilisi huku Kenya, kwamba kazi ya mwana huishia mikononi mwa mzazi.

Meza ya mikoko ndiyo iliyonizuia. Wanafunzi wa Gredi ya Nane waliweka majani mabichi ya mchu na ya mkoko wenyewe, aina mbili za miti ya mikoko, wakamwomba kila mgeni ayaonje kwa ncha ya ulimi: jani la mchu lina chumvi kwa kuwa mti huo huitoa kupitia majani, ilhali mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi. Pembeni waliipanga miche yao ya mkoko iliyokufa, mingine ikiwa imetafunwa na kaa, nao wakaieleza bila haya.

Mvuvi mmoja mzee aliwauliza walikoipanda. Walipomwonyesha kwenye ramani waliyoichora wenyewe, alisema kwamba hapo ni mbele mno upande wa bahari, ni makao ya mlilana, aina nyingine ya mikoko, na kwamba mkoko ungestawi nyuma yake. Wakayaandika maneno yake papo hapo. Kisha mama mmoja akataka kujua watapikia nini iwapo mikoko haikatwi. Walimtajia mivinje iliyopandwa na mradi wa Mikoko Pamoja, ambao ulianza mwaka 2013, huuza hewa ukaa ya hekta 117 za msitu wa Gazi, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato yake yamesaidia maji na elimu vijijini. Mama hakuridhika, kwani mvinje huchukua miaka kukua na chungu chake kinataka moto leo. Hawakuwa na jibu, na mwalimu wao, kwa busara, hakuwaokoa.

Basi jibu langu ni kwamba inafaa, mradi waalikwao wawe watu wanaoijua kazi inayoonyeshwa, nao wapewe nafasi ya kuuliza na kukosoa. Punguzeni hotuba, hapa maafisa walizungumza hadi baadhi ya wageni wakaondoka kabla ya kuzifikia meza. Nijulishe tarehe mapema nipate kuomba ruhusa, maana nikivuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi nitakuwa kwenu kabla ya adhuhuri.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa Msambweni