Barua ya wazi kwa vijana wanaopiga picha za harusi

Wanangu wapiga picha, wa hapa Tanga, wa Dar es Salaam na kokote mnakoitwa,

Salaam. Nimeshika kamera kwenye harusi za watu tangu enzi za mkanda wa picha 36, na sasa kazi nimewaachia nyinyi. Hivi karibuni nilialikwa harusi mbili, nikakaa kwenye kiti cha wazee nikiwatazama. Baadaye wajukuu wakanionyesha picha kwenye simu. Zilikuwa safi, tena kali, lakini sikuweza kujua ipi ni ya harusi gani. Hilo limeninyima raha.

Kila mmoja wenu anasema ana mtindo wake. Nikiuliza mtindo gani, naonyeshwa filta. Filta inauzwa, wanangu. Uliyonunua wewe ameinunua na mwenzako wa Mombasa. Nyingi zinamng'arisha bibi harusi mpaka mama yake mzazi anamkodolea macho. Naomba sana hili liachwe.

Ngozi zetu zinataka mtu anayejua kupima mwanga. Kamera hupima kana kwamba kila kitu duniani ni cha kijivu, kwa hiyo shela jeupe likijaa kwenye picha, inapunguza mwanga na uso unazama. Pimeni usoni. Na kabla ya kuelekeza flashi juu, tazameni dari. Siku hizi wapambaji hufunika dari kwa vitambaa, na kitambaa kikiwa cha zambarau, mwanga unarudi na zambarau yake, ukumbi mzima unaonekana mgonjwa.

Hayo mtu hujifunza kwa muda mfupi. Kujua usimame wapi ndiko kunakochukua miaka.

Kwenye nikahi wengi mnamkazia bwana harusi uso. Tazameni mikono. Baba amemshika kijana mkono, na kijana anapotamka kuwa amekubali, kidole gumba cha mzee kinakandamiza. Nimewaona wanaume ambao uso haukusema kitu, mkono ukatetemeka. Ukisimama katikati na flashi yako umewaziba watu na umekosa picha. Kaa mkekani, ubavuni, kama walivyokaa wenzako.

Mwaka 1991 nilipiga harusi moja ya nyumbani, Chumbageni. Nilikuwa nimebakiwa na picha tatu kwenye mkanda, na keki haijakatwa. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akamwita bibi harusi kwa kichwa tu. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa noti iliyokunjwa ndogo kama hirizi, akamtia kiganjani, kisha akamfunga vidole kimoja kimoja. Nikapiga moja. Keki ikapata mbili. Miaka mingi baadaye yule binti, naye sasa mama wa watu, alikuja studio kuitafuta picha hiyo. Za keki hakuziulizia.

Niliwezaje kuwa tayari? Siku mbili kabla nilikuwa nimekwenda kwao, nikanywa chai, nikaambiwa kuwa mama yake alifariki mapema na huyo bibi ndiye aliyemlea. Siku nzima sikumwacha mbali na jicho langu. Nyinyi mnafika saa moja kabla, mnauliza jina la mshereheshaji, mnarusha droni. Mtamjuaje bibi wa watu?

Na picha za upande wa wanawake, waliovua baibui zao kwa kuaminiana, ni amana. Apige dada, na zisitoke bila idhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata kabla yake nyumba iliyokufungulia mlango ilijua nani aliyeisaliti.

Mkivuka Unguja, ingieni Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe. Msizipige picha kwa simu mkaondoka. Kaeni nazo saa nzima.

Mikanda yangu imo kwenye sanduku la bati, kila mmoja umeandikwa mtaa na mwaka kwa penseli. Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani. Njooni, na kila mmoja alete picha kumi za harusi moja, bila filta, tuzitazame pamoja.

Mzee wenu,
Tanga